Mkopo wa Elimu ya Juu kwa Kijana Aliyeitwa JKT

Mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, yaliyositishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, huwachukua wahitimu wa kidato cha sita kwa miezi mitatu hivi. Mkoani Rukwa yapo makambi ya Luwa na Milundikwa, lakini kijana wa Laela au Namanyere aweza kupangiwa Tanga au Kigoma. Nauli, bukta, raba na shuka hujigharimia mwenyewe.

Ugumu uko katika kalenda. Dirisha la maombi la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kwa kawaida hufunguliwa kijana akiwa kambini, na udahili wa vyuo vikuu kadhalika. Usitegemee kwamba kuwapo kambini kutamwongezea siku. Maofisa wa Bodi wamekuwa wakizuru makambi kuwasaidia waombaji, jambo la kupongezwa. Hata hivyo, ofisa hawezi kuleta cheti kilichobaki kabatini Sumbawanga.

Kwa hiyo nyaraka zikusanywe kabla kijana hajaripoti. Cheti cha kuzaliwa sharti kihakikiwe na RITA, na kwa aliyefiwa na mzazi, cheti cha kifo pia. Hapa ndipo muda unapoliwa, hasa jina likitofautiana na lile la cheti cha kidato cha nne. Herufi moja yatosha kuleta usumbufu. Namba ya mtihani wa kidato cha nne inakiliwe na kuachwa nyumbani. Namba ya simu itakayojazwa iwe ile itakayobaki na mzazi, kwa kuwa msimbo wa kuthibitisha udahili, kwa aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, hutumwa kwa ujumbe mfupi.

Saini ya mwombaji haitiwi na mzazi. Kughushi ni kosa la jinai, hata kwa nia njema. Kurasa za saini zipelekwe kambini.

Ada ya maombi hulipwa kwa kumbukumbu namba inayotolewa na mfumo wenyewe. Anayedai cha juu ili "apitishe jina" ni tapeli. Kwa wakulima wa Ufipa, huo ndio msimu wa mavuno na bei ya mahindi huwa chini. Ada itengwe mapema, gunia lisije likauzwa shambani kwa bei ya kutupa.

Mzazi anayedhamini aelewe pia kwamba fedha hizi ni deni: mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, ingawa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021.