Chakula cha Miezi Migumu: Bustani, Akiba na Majani ya Dawa kwa Familia za Butembo na Beni

Miji yetu iko karibu kabisa na ikweta, na mwaka wetu una mvua mbili na viangazi viwili. Maharagwe hupandwa Machi yakavunwa Juni. Hupandwa tena mwishoni mwa Agosti na Septemba, yakavunwa kuelekea Noeli. Kila mama wa nyumba anajua hali ya katikati. Aprili na Mei, kisha Oktoba na Novemba, mbegu imekwisha kuingia ardhini, gunia la zamani limebaki chini, na bei ya soko inapanda. Ni miezi hiyo hiyo ya mvua inayoleta mbu na kuhara. Mtoto aliyepungua mwili kwa njaa hukutwa na homa akiwa hana nguvu ya kupambana nayo.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2013-2014 ulionyesha kwamba kama nusu ya watoto wa Kivu Kaskazini waliokuwa chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Na hii ni nchi ya maharagwe, ndizi, mihogo, viazi na mawese! Chakula kinatoka shambani, lakini hakikai nyumbani: kinauzwa chote wiki ya mavuno, au kinaliwa na wadudu, au sahani inabaki bugali mtupu. Upande wa Beni kuna jambo zito zaidi. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamewafukuza watu wengi kwenye mashamba ya mbali, na familia zilizokimbia zinaishi kwa ndugu mjini, kwenye parseli ndogo. Kwa hiyo tunaanza na ardhi iliyo mlangoni.

BUSTANI YA MLANGONI

Lengalenga huwa tayari kuchumwa baada ya wiki tatu au nne, na ukikata bila kung'oa, huchipua tena. Pembeni yake weka matembele, maboga kwa ajili ya majani yake, na mashina machache ya muhogo wa sombe. Ukipata mbegu ya viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, ipande kabla ya kitu kingine: gramu 125 tu, yaani kiazi kimoja kidogo, zinatosha vitamini A ya siku nzima kwa mtoto mdogo. Butembo, kwenye baridi ya milima, marakuja na prune hustawi vizuri kwenye uzio. Beni kuna joto, papai huzaa haraka. Mahali pasipo na udongo, gunia lililojazwa udongo na mbolea, likatobolewa ubavuni, hubeba mboga za kutosha kuongeza kwenye sufuria ya kila siku.

Parseli nyingi za Butembo ziko kwenye mteremko, na mvua moja kubwa inaweza kuushusha bondeni udongo wote wa juu. Pandeni kwa mistari inayokata mteremko, na kila baada ya mistari michache muache ukanda wa majani ya mifugo. Majani hayo yanalisha sungura na simbilisi. Simbilisi anadharauliwa kwa udogo wake, lakini anazaa haraka, anakula maganda na nyasi, na anampa mtoto nyama wiki ambayo mfuko ni mtupu. Mjengeeni banda nje ya jiko, mnawe mikono kwa sabuni baada ya kumshika, na mbolea yake ioze kwanza kabla ya kuwekwa kwenye mboga.

Wengi wa Beni wamehamia kwenye kakao. Kakao inaleta pesa ya shule, nasi hatuipingi, ila mtoto hali kakao. Tunza kipande cha chakula hata kama bei ya kakao imepanda. Na mawese yale mekundu msiyachome mpaka yageuke meupe: rangi ile nyekundu ndiyo yenye vitamini A, nayo huharibika kwa moto mkali.

KUKAUSHA NA KUWEKA AKIBA

Hapa ndipo tunapoomba familia ikae chini na kuzungumza, baba na mama pamoja, kabla mnunuzi hajafika. Hesabuni kwanza kiasi cha maharagwe mtakachokula mpaka mavuno yajayo na mbegu ya kupanda. Hicho kitengwe. Kinachobaki ndicho cha kuuza.

Wadudu wa maharagwe huanza kutaga shambani, kabla ganda halijakauka. Kwa hiyo gunia linaloonekana safi siku ya mavuno linaweza kuwa vumbi baada ya miezi mitatu. Vuneni mapema, mkaushe juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo, mpaka punje ikitafunwa isiache alama ya jino. Kisha jazeni bidoni kavu mpaka juu kabisa, mfunge kwa nguvu. Wadudu waliomo humaliza hewa na kufa. Bidoni hiyo isifunguliwe kabla ya mwezi mmoja, na isiwe iliyowahi kubeba petroli au dawa ya shamba.

Mahindi na karanga vinataka uangalifu zaidi, kwa sababu ukungu unaoota kwenye punje zenye maji hutoa sumu inayoharibu ini. Mwaka 2004 nchini Kenya, mahindi yenye ukungu huo yaliwafanya watu 317 waugue na kuua 125 kati yao. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Kuna kipimo rahisi: tia chumvi kavu kidogo ndani ya chupa kavu ya kioo, ongeza mahindi, tikisa vizuri, uache dakika kumi na tano. Chumvi ikigandama kwenye kioo, rudisheni mahindi juani. Karanga zilizosinyaa au kubadilika rangi zitupwe. Kuku pia wasipewe.

Muhogo mchungu una sumu ya asili, na dawa yake ni muda. Uloweke siku tatu au nne mpaka ulainike, umwage maji, ndipo uanike. Njaa na vita huwafanya watu wafupishe siku hizo, na hapo ndipo unapokuja ugonjwa wa konzo: miguu inapooza ghafla, na haiponi tena. Daktari Trolli aliueleza ugonjwa huo mwaka 1938 huko Kwango, na mpaka leo unarudi katika nchi yetu kila mahali watu wanapokula muhogo ulioharakishwa bila maharagwe wala samaki. Kama mna shaka na unga mlionunua, uchanganyeni na maji, mtandaze tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja, mwache saa mbili juani au tano kivulini, kisha pikeni bugali siku hiyo hiyo. Sombe nayo itwangwe vizuri na kuchemka kwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi.

Mboga za majani zichovyeni kidogo katika maji yanayochemka, mkaushe kivulini. Jua kali hula vitamini. Zikikauka zisagwe, pamoja na samaki mkavu wa Kyavinyonge, mtie kijiko kwenye uji wa mtoto aliyepita miezi sita. Huo ndio uji wa Novemba.

Kuhusu chupa na mitungi, tafadhali sikilizeni vizuri. Jemu ya marakuja au prune inafaa, na pilipili katika siki inafaa, kwa sababu ya uchachu. Lakini msipike maharagwe au sombe mkaifungia kwenye chupa ili ikae miezi. Kuna kijidudu ambacho hakifi hata katika maji yanayochemka, na humo ndani pasipo hewa hutengeneza sumu isiyo na harufu wala ladha, inayopoozesha kifua. Butembo hatari ni kubwa zaidi: kwa urefu wa milima yetu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Ndiyo sababu pia maharagwe yetu yanachelewa kuiva. Yaloweke usiku kucha, utaokoa makala.

MAJANI YA DAWA NA MPAKA WAKE

Mchaichai, tangawizi, ndimu, na majani ya mpera ni mali ya kila parseli. Mtu mzima mwenye mafua anapokunywa tangawizi na asali anapata nafuu ya kweli, nasi hatumzuii. Asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Na mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji maji ya majani yoyote, wala kutiwa dawa kwa njia ya haja kubwa. Anahitaji ziwa la mama tu.

Kwa kuhara, dawa ya kwanza iko jikoni: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mpe mtoto kidogo kidogo huku mkienda kituo cha afya kuchukua zinki.

Homa ni jambo jingine. Gome la kankina linalotoka kwenye vilima vyetu ndilo linalotoa kwinini, lakini kiwandani hupimwa. Kwenye sufuria hakuna anayejua kiasi, na kikizidi hudhuru masikio na moyo. Chai ya artemisia vilevile: dawa iliyomo ni kidogo, homa inatulia halafu inarudi, na Shirika la Afya Duniani halishauri itumike kutibu malaria. Mtoto mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo.

Tunasisitiza kwa sababu ya tuliyoyaona. Ebola iliyotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018 iliendelea mpaka Juni 2020 na kuua watu 2,287. Inaanza kama malaria. Mjini Beni, watoto waliopelekwa na homa kwenye vituo vidogo vya tradi-moderni, vinavyochanganya dawa za kienyeji na za hospitali, walichanganyika na wagonjwa waliokuwa na Ebola bila kujulikana, wakaambukizwa humo humo. Wazazi wao walikuwa wanatafuta msaada ulio karibu.

Mkifika kituoni, mwambieni muuguzi kila jani mgonjwa alilokunywa: lini, kiasi gani, lilichemshwa au la. Kama hamjui jina lake kwa Kiswahili, semeni kwa Kinande, au bebeni tawi lenyewe. Muuguzi mzuri hatawagombeza. Anahitaji kujua hilo kabla hajachagua dawa na kipimo chake.