Sabuni, asidi na maski: kuosha uso wenye vipele vya ndevu



Kijana mmoja wa sehemu ya kusaga mawe alikuja dispensari kwa sababu ya kikohozi. Alipovua maski tuliona mstari wa vumbi umepita chini ya mpira, kutoka shavuni mpaka karibu na mdomo. Ndevu zake zilikuwa za siku kumi. Nilimwuliza kwa nini hanyoi, naye anajua amri ya kazi. Akajibu: «Muganga, nikinyoa, shingo yote inavimba. Wiki moja siwezi hata kufunga kola ya shati.»

Akaniambia pia kwamba mke wake alimnunulia dawa sokoni, losioni yenye asidi ya salisiliki. Amepaka wiki tatu, na kazi yake ni kuunguza tu. Nikamwuliza anaoga namna gani. Anatoka kazini, anachukua kipande cha sabuni ya mawese, ile ya kufulia, anasugua mwili na uso mpaka povu linajaa, anamwaga maji mara moja, kisha anapaka losioni uso ukiwa bado na utelezi.

Hapo nilielewa. Dawa ilikuwa nzuri, na sabuni ndiyo iliyoifunga mikono. Nimewaona wengine kadhaa wenye shida hiyohiyo, Kasuku na Alunguli, nami nataka tuieleze vizuri.

Ndevu na vumbi

Katika Maniema mawe ya kasiterite hukaa mara nyingi ndani ya mishipa ya kwatsi, lile jiwe jeupe gumu. Ukilisaga likiwa kavu linatoa vumbi laini la silika, lisiloonekana kwa macho likiwa hewani. Vumbi hilo likiingia mapafuni miaka mingi linaleta silikosisi, na ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya. Maski ya mpira inazuia vumbi ikishikana na ngozi tupu. Unywele mmoja tu chini ya mpira ni kijiti kilichozuia mlango usifunge, na ndevu za siku kumi ni mlango wazi. Kwa hiyo tunaponyoa kabla ya posti ya kazi tunalinda mapafu. Si mambo ya urembo.

Lakini Mungu alitupa nywele zilizojikunja. Wembe ukizikata karibu sana, ncha inabaki kali kama mkuki, nayo inapokua inapinda na kurudi kuingia ndani ya ngozi. Mwili unaona kitu kigeni, unapigana nacho, na hapo panatokea kipele, usaha, alama nyeusi, na kwa wengine kovu nene. Hivyo ndivyo vipele vya ndevu. Havitokani na uchafu wala na damu mbaya, na mtu asiambukizwe aibu kwa ajili yavyo.

Asidi inafanya nini

Juu ya ngozi kuna tabaka la seli zilizokufa, zimeshikana kama vigae vya paa. Asidi kama salisiliki au glikoliki inalegeza gundi iliyo kati ya vigae hivyo, navyo vinaanguka kidogo kidogo. Njia ya unywele inafunguka, nao unatoka nje badala ya kuchimba ndani. Salisiliki ina faida nyingine: inapenya ndani ya mafuta ya ngozi na kufika kwenye tundu la unywele. Losioni za kawaida huwa na salisiliki sehemu 2 kwa 100.

Ila asidi hizi zinafanya kazi zikibaki asidi, na neno hili ndilo wengi hawajaambiwa.

Jaribuni nyumbani. Chemsha maua mekundu makavu ya ngai-ngai, yale ya kutengenezea kinywaji, upate maji mekundu. Yaache yapoe, kisha yagawe katika glasi tatu. Ya kwanza iache hivyo. Katika ya pili kamulia ndimu: rangi inazidi kuwa nyekundu na kung'aa. Katika ya tatu weka maji ya sabuni: rangi inageuka buluu na kijani. Sasa chukua ile ya sabuni, uitilie ndimu tone kwa tone, ukikoroga. Kijani kinakufa, wekundu unarudi, na mara nyingi utaona vipande vyeupe kama maziwa yaliyoganda. Hiyo ni sabuni iliyovunjika. Lakini angalia pia ndimu yako: sehemu kubwa imetumika kupigana na sabuni. Watoto wanaupenda mchezo huu. Msiwaachie kunywa glasi ya sabuni.

Wataalamu hupima vita hiyo kwa kipimo kinachoitwa pH. Kilianzishwa mwaka 1909 na mkemia wa Denmark, Søren Sørensen. Maji safi yana 7. Chini ya 7 ni upande wa ndimu, juu ya 7 ni upande wa majivu na magadi. Kila hatua moja ni mara kumi, wala si nyongeza ya moja. Ndimu ina kama 2. Ngozi ya mtu mzima mwenye afya ina kama 5, maana yake ngozi yenyewe ina asidi kidogo. Mwaka 1928 waganga wawili wa Ujerumani, Schade na Marchionini, waliandika juu ya jambo hilo wakaliita joho la asidi, na jina limebaki mpaka leo. Joho hilo linasaidia kuzuia vijidudu na kushika unyevu. Na sabuni? Sabuni ya kweli, ya mafuta na soda, hata iliyopikwa na fundi bora, ina 9 au 10. Kutoka 5 mpaka 10 ni hatua tano, yaani mara 100,000.

Turudi kwenye losioni ya yule kijana. Salisiliki ikiwa katika pH 3, karibu nusu yake ni asidi huru inayoweza kupenya ngozi. Katika pH 4 inabaki kama sehemu 9 kwa 100. Katika 5, sehemu 1 kwa 100. Katika 7 ni kama hakuna kitu: imekuwa chumvi, inakaa juu ya ngozi bila kupenya. Glikoliki inavumilia zaidi kidogo, maana nusu yake ni huru katika pH 3.8, lakini nayo katika 7 imekwisha. Ndiyo maana viwanda hutengeneza losioni hizi ziwe kati ya 3 na 4, na ndiyo maana povu lililoachwa usoni linaharibu faranga zako.

Nisiseme uongo hapa. Uso uliooshwa kwa sabuni ukasuuzwa vizuri haurudi pH 5 mara moja; unaweza kuchukua saa kadhaa. Hata hivyo losioni yenye asidi ya kutosha inaushinda mabaki madogo ya sabuni. Wako watu wanaofundisha kwamba lazima ungoje nusu saa kwa saa ya ukutani. Mimi naona kusuuza kuna nguvu kuliko saa. Ubaya mkubwa wa sabuni kali ni mwingine: inatoa mafuta ya ngozi na kuiacha kavu, yenye mipasuko midogo. Hapo asidi inapita kwenye mipasuko na kuchoma, lakini haifanyi kazi pale kwenye tundu la unywele. Mtu anasikia moto, anafikiri dawa inafanya kazi, anaongeza. Huyo ndiye anayekuja dispensari shingo imechubuka.

Sabuni zetu

Kindu mawese hayakosekani, na akina mama wengi wanapika sabuni. Ni kazi ya heshima nami siipingi. Kwa kilo 1 ya mafuta ya mawese inatosha soda kostiki gramu 140 hivi. Wapishi wazuri hupima na kupunguza kidogo. Lakini nimemwona mwuzaji anayemimina soda kwa jicho, akisema sabuni «ikate uchafu». Soda iliyozidi haina mafuta ya kuungana nayo, inabaki huru, nayo inakata ngozi. Sabuni mpya iachwe ikauke wiki nne kabla ya kutumiwa mwilini. Ukiwa na shaka, kwangua kidogo katika maji ya ngai-ngai: sabuni ya kawaida inaleta kijani, ile yenye soda nyingi inasogea kwenye manjano. Hiyo ya manjano ifue magwanda tu, na mfuaji avae glavu.

Kwa uso wenye vipele, kizuri ni vile vipande vinavyofanana na sabuni lakini havikupikwa kwa soda. Kwenye karatasi yake hutafuta maneno «sans savon» au «pH 5,5». Ni ghali, najua. Kipande kimoja kikitumika usoni tu, kikahifadhiwa pakavu, kinadumu. Asiyeweza kukinunua atumie sabuni ya kuogea ya kawaida, povu lake kidogo mkononi, na asisugue uso kwa wavu wala jiwe.

Utaratibu ambao nimempa yule kijana ni huu. Asubuhi kabla ya posti analowesha ndevu kwa kitambaa cha maji moto dakika chache, ananyoa kwa wembe mpya kufuata njia ya nywele, bila kuvuta ngozi, bila kurudia mahali palepale. Hapaki asidi asubuhi. Jioni anaoga mwili kwanza, kichwa na mwili vikiisha anaosha uso mwisho, ili povu la nywele lisishuke tena. Anasuuza uso mara tatu kwa maji safi mpaka vidole vikipita havitelezi. Anakausha kwa kugusagusa, anakaa kama robo saa mpaka ngozi ikauke kabisa, anapaka losioni kidogo shingoni na kidevuni. Wiki mbili za kwanza ni usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana. Ngozi ikikauka anapaka vazelini kidogo baadaye. Matokeo huanza kuonekana baada ya wiki nne mpaka nane, kwa hiyo asiyekuwa na subira asianze. Mwenzetu huyo yuko wiki ya sita. Bado ana vipele vinne, lakini ananyoa, na ndani ya maski yake hakuna tena mstari.

Wanaofanya kazi kwenye mashimo ya wazi wavae kofia yenye ukingo, maana ngozi iliyopakwa glikoliki inaungua haraka juani. Asiyepatana na aspirini asitumie salisiliki. Mtoto mdogo asipakwe kamwe: inapita ngozini na kuingia damuni. Mama mjamzito aulize kwanza.

Ndimu yenyewe usipake. Asidi yake haina kipimo, na maji yake ngozini pamoja na jua huleta malengelenge na alama nyeusi. Maji ya betri ni asidi ya sulfuriki. Nasema hivyo kwa sababu nimeulizwa.

Pomadi inayoahidi kukufanya mweupe ni jambo jingine kabisa, ingawa inauzwa kwenye meza ileile. Nyingine zina hidrokinoni, nyingine zina zebaki, na zebaki inaharibu figo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulipanga vipodozi vyenye zebaki viondolewe sokoni, lakini meza za soko hazisomi mikataba. Alama nyeusi za vipele zinafifia zenyewe unywele ukiacha kuchimba. Usizifukuze kwa pomadi hizo.

Mwenye makovu manene, au vipele vyenye usaha ambavyo havipoi, asinyoe wala asipake kitu mpaka tumwone. Kwa huyo tutamwomba kapita ampe kazi mbali na vumbi wakati wa matibabu, au apewe ile maski ya kofia inayopuliza hewa, isiyohitaji kushikana na kidevu. Njoo na sabuni yako na chupa ya losioni, tuzitazame pamoja. Maji ya ngai-ngai yapo dispensari.