Kifua Kikuu cha Ng'ombe na Maziwa ya Nyumbani

Kifua kikuu cha ng'ombe husababishwa na bakteria aitwaye Mycobacterium bovis, ndugu wa karibu wa yule anayeenea baina ya watu kwa kikohozi. Mwaka 1901 Robert Koch, mgunduzi wa bakteria wa kifua kikuu, alitangaza mjini London kwamba ugonjwa wa ng'ombe si tishio kubwa kwa binadamu. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba alikosea.

Ng'ombe mwenye maambukizi anaweza kunawiri na kutoa maziwa mengi, kwa hiyo macho ya mfugaji hayatoshi. Daktari wa mifugo humdunga sindano ya kipimo ndani ya ngozi, kisha hurudi baada ya saa 72 kuangalia kama pamevimba.

Maziwa mabichi ndiyo njia kuu ya ugonjwa kuingia nyumbani. Wengi huamini kwamba yakiganda yamekuwa salama. Si kweli: uchachu wa mtindi hautegemewi kuua bakteria hawa. Wala moshi wa kijinga cha moto ambao Wamaasai husafishia kibuyu, pamoja na harufu yake nzuri, haushiki nafasi ya moto. Maziwa ya mtindi huchemshwa kwanza, yakapoa, ndipo yakagandishwa. Hata jikoni povu hudanganya, maana hupanda hadi ukingo wa sufuria kabla maziwa hayajachemka barabara. Hapo moto hupunguzwa, maziwa yakakorogwa na kuachwa yatokote dakika chache. Kikombe cha mtoto hakistahili haraka.

Bakteria waliomezwa mara nyingi hushambulia matezi ya shingo, tumbo au mifupa, hivyo mgonjwa huenda asikohoe kabisa. Wanaovutwa kwa pumzi, hasa katika zizi lisilopitisha hewa, huingia mapafuni. Mtu akiugua mapafu kwa bakteria hao, naye anaweza kuwaambukiza ng'ombe wake. Nyama iliyopita kwa mkaguzi na kuiva hadi ndani haina hofu.

Kikohozi cha wiki mbili, homa za jioni, kukonda au uvimbe shingoni usiopona ni sababu ya kwenda kituo cha afya. Mhudumu aambiwe mapema kwamba nyumbani kuna mifugo au hunywewa maziwa mabichi: bakteria wa ng'ombe hasikii pirazinamidi, mojawapo ya dawa nne za mwanzo wa matibabu, na kipimo cha kawaida cha makohozi hakimtofautishi na mwenzake.