Nani Mchezaji Bora wa Msimu?

Leo tujifunze kupima sifa za mtu kwa kutumia mpira wa kikapu.

Huko Marekani, msimu wa 1961–62, Wilt Chamberlain wa timu ya Philadelphia Warriors alifunga pointi 4,029 katika michezo 80. Tukigawa 4,029 kwa 80 tunapata wastani wa pointi 50.4 kila mchezo. Bill Russell wa Boston Celtics alipata wastani wa pointi 18.9 tu. Je, nani bora?

Wengi tutasema, "Si Chamberlain huyo!" Lakini wakati ule wachezaji wenyewe ndio waliopiga kura, nao wakamchagua Russell. Basi tutazame mambo matatu.

1. Ushindi wa timu. Celtics walishinda michezo 60 kati ya 80. Warriors walishinda 49.

2. Mahudhurio. Chamberlain alicheza michezo yote 80. Russell alicheza 76. Hapo Chamberlain anamzidi.

3. Ulinzi. Russell alikuwa hodari wa kuzuia mipira ya wapinzani isiingie kikapuni. Kazi hiyo haikuandikwa. Ligi ile ilianza kuhesabu mipira iliyozuiwa msimu wa 1973–74.

Tunaona kwamba namba moja haitoshi. Kabla ya kumpima mwenzetu, uwanjani au shambani, tuulize: ni kazi gani aliyoifanya ambayo hakuna aliyeiandika?

Maswali
1. Celtics walishindwa michezo mingapi?
2. Ungempigia nani kura? Toa sababu mbili.