FAINI AU KUFUNGIWA LESENI: KIPI HUZUIA MOTO?

Katika mjadala wa chama muhula uliopita, hoja ilikuwa hii: mwenye jengo lisilo salama kwa moto atozwe faini, asifungiwe leseni. Mimi nilikuwa upande wa kupinga, na dakika tatu nilizopewa hazikunitosha hata kidogo. Mhariri amenipa ukurasa huu, nami nitamalizia yale ambayo kengele ilinikatiza.

Kwanza tuelewane kwa maneno, maana siku ile watu walibishana karibu nusu saa kumbe hawazungumzii jambo moja. Faini ni pesa anazotozwa mkosaji. Akishalipa, ameachana na mahakama na duka lake li wazi kama jana. Kusimamishwa kwa leseni ni kuzuiwa kufanya kazi kwa muda, mpaka kasoro iliyotajwa irekebishwe. Kufutwa kwa leseni ni jambo la tatu kabisa: hapo mtu hana tena kibali, akitaka kurudi aanze upya. Wapinzani wangu walikuwa wakishambulia kufutwa, ilhali sisi tulikuwa tukitetea kusimamishwa.

Haya, twende kwa hesabu. Tuseme bwana mmoja ana nyumba ya kulala wageni, orofa nne, ngazi moja tu. Fundi amemwambia ngazi ya pili ya nje itagharimu shilingi 900,000. Faini tuseme ni shilingi 100,000, na mkaguzi huonekana mara moja kila baada ya miaka miwili. (Namba hizi ni zangu za mfano, msiende kumhoji mtu.) Bwana huyu si mjinga. Baada ya miaka kumi atakuwa ametoa shilingi 500,000, ngazi bado ni ile moja, na mfukoni amebaki na faida ya laki nne. Kwake faini si adhabu tena, ni kodi anayolipa ili aachiwe na hatari yake. Lakini mwambie kwamba kuanzia leo jioni hakuna mgeni kulala humo mpaka ngazi isimame. Usiku wa kwanza vitanda vyote vitupu, usiku wa pili vitupu. Hapo fundi atapigiwa simu kabla ya jogoo kuwika, kwani hasara inajihesabu yenyewe kila usiku bila kumngoja mkaguzi arudi.

Mtu atasema hayo ni ya kubuni. Basi tutazame yaliyotokea. Tarehe 25 Machi 1911, mjini New York, kiwanda cha nguo cha Triangle kilishika moto wakafa watu 146, wengi wao wasichana wa umri wetu au waliotupita kidogo. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Wenye kiwanda wawili walishtakiwa na wakaachiliwa. Mwaka 1913 mmoja wao akapatikana tena amefunga mlango wa kiwanda chake kingine wakati wafanyakazi wako ndani. Mnajua alitozwa ngapi? Dola 20.

Karibu na nyumbani tuna Embakasi. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ililipuka katika mtaa wa Mradi jijini Nairobi, watu kadhaa wakafariki na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Mamlaka ya kudhibiti kawi na mafuta, EPRA, ilieleza kwamba maombi ya kibali cha kuhifadhi na kujaza gesi mahali pale yalikuwa yamekataliwa mara tatu mwaka 2023, kwa vile hayakutimiza masharti ya usalama. Nacho chama cha wafanyabiashara wa mafuta, Petroleum Institute of East Africa, kilisema mwenye mahali pale alikuwa amekwisha kuhukumiwa Mei 2023 kwa biashara haramu ya gesi. Hukumu ilipita, lori za gesi zikaendelea kuingia.

Hapa sina budi kuwapa wapinzani wangu alama, ingawa wao wenyewe hawakuitaja Embakasi siku ile. Utasimamishaje leseni ya mtu ambaye hana leseni? Kufungiwa humwuma yule aliyejiandikisha, mwenye kibali ukutani na jina la kulinda. Anayefanya kazi kwa kujificha hucheka faini na hucheka leseni pia. Kwake dawa ni kuondoa matangi yenyewe na kufunga lango, kisha kesi ifuate. Kuna jambo jingine ambalo si siri: mkaguzi mwenye uwezo wa kufunga biashara ya mamilioni ataletewa bahasha nene kuliko yule anayeandika faini tu. Mkono mtupu haulambwi, na wenye majengo wanaujua msemo huo vizuri kuliko sisi tunaousoma darasani.

Sasa tuje shuleni, ambako mimi nalala. Wanaopenda faini hebu wanijibu: shule ya umma ikitozwa faini, nani analipa? Mwalimu mkuu hatoi mfukoni mwake. Pesa zinatoka kwenye akaunti ya shule, na humo zimewekwa na serikali pamoja na mzazi wangu aliyeuza maziwa. Kwa maneno mengine, zile pesa ambazo zingeng'oa vyuma vya madirisha zimekwenda kulipia kosa la kutoving'oa! Katika mambo yote niliyosikia siku ya mjadala, hili halikupata jibu.

Masharti yenyewe si magumu. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka milango ya bweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, na nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2. Nilichukua kamba ya kupimia nikapima bweni letu: vitanda viko sawa, ila nafasi yenyewe imejaa masanduku ya bati. Sijui mkaguzi angemtoza nani hapo.

Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa na kufuli na madirisha yana vyuma. Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, wavulana 21. Baada ya Endarasha serikali ilikagua shule za msingi za bweni, na kabla ya mwaka huo kuisha ikaamuru sehemu za bweni zifungwe katika shule zaidi ya 300. Angalieni kilichofungwa: ni bweni, si shule. Masomo ya mchana yaliruhusiwa.

Mimi naona hapo ndipo penye jawabu. Wapinzani waliuliza, ukifunga kiwanda wafanyakazi watakula nini, ukifunga shule watoto watafanyia wapi mtihani? Swali ni zuri, na ndilo huwafanya wakubwa wasite kutia sahihi hadi maiti zihesabiwe. Lakini si lazima ufunge kila kitu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inampa afisa uwezo wa kutoa ilani ya kuzuia shughuli yenye hatari, bila kungoja kesi iishe. Kama hatari ni chumba kimoja, kizuiwe chumba hicho, tarehe iandikwe, na karatasi ibandikwe mlangoni ambapo mzazi ataisoma. Faini nayo isitupwe. Itumike kwa yule anayeirarua karatasi ile na kuwarudisha watu ndani, tena iwe ya mtu binafsi, isiwe ya akaunti ya shule.

Rafiki yangu wa upande wa pili alinifuata baada ya mjadala akaniuliza, "Na sisi tutalala wapi bweni likifungwa?" Tutalala katika bwalo la chakula, bwana, magodoro sakafuni, milango miwili wazi. Kukata vyuma vya madirisha ya bweni zima, fundi mwenye mashine hamalizi wiki.