Kosa, Badiliko na Mwaka Mpya: Somo Kuhusu Fomu ya Msaada wa Masomo

Mwanafunzi wa sayansi hufundishwa mapema kwamba kipimo hakikamiliki bila ya kutajwa wakati kilipopimwa. Ukiambiwa kwamba joto ni nyuzi 31, huna budi kuuliza: ni joto la mahali gani, na la saa ngapi? Katika makala haya tutalichukua somo hilo na kulipeleka mahali ambapo wengi hawatarajii kukutana na sayansi, yaani katika fomu ya kuombea msaada wa fedha za masomo ya chuo. Tumeichagua fomu ya Marekani iitwayo FAFSA kwa sababu kanuni zake zimeandikwa wazi, na hesabu yake yaweza kufuatwa kwa kalamu na karatasi. Aidha, wako vijana wasemao Kiswahili ambao wamepata ukaaji wa kudumu katika nchi ile pamoja na wazazi wao, nao huijaza kila mwaka.

Asili ya msaada huu ni Sheria ya Elimu ya Juu ambayo Rais Lyndon Johnson aliitia sahihi tarehe 8 Novemba 1965 huko San Marcos, Texas, katika chuo alichosomea mwenyewe. Mwaka 1972 ilianzishwa ruzuku ya msingi kwa wanafunzi wasio na uwezo, na tangu 1980 ruzuku hiyo huitwa Pell, kwa jina la Seneta Claiborne Pell wa Rhode Island. Marekebisho ya mwaka 1992 yaliagiza iwepo fomu moja isiyolipiwa ada. Fomu hiyo ilikua mpaka ikapita maswali 100. Ndipo sheria ya Desemba 2020 ilipoipunguza ikawa na maswali yasiyofika 50, na sura hiyo mpya ikaanza kutumika kwa mwaka wa masomo 2024–25.

Kazi ya fomu ni kutoa namba moja. Tuiite kielezo cha uwezo. Kielezo kikiwa kikubwa, familia huhesabiwa kuwa na uwezo zaidi. Kikiwa kidogo, mahitaji ya mwanafunzi ni makubwa. Chaweza hata kushuka chini ya sifuri, hadi –1,500. Kwa mwaka 2025–26 ruzuku kamili ya Pell ilikuwa dola 7,395, na kwa wanafunzi wengi walio kati ya ruzuku kamili na ile ya chini kabisa, ruzuku hupatikana kwa kutoa kielezo katika namba hiyo na kukadiria kwa dola 5 zilizo karibu. Maana yake ni kwamba kila dola moja inayoingia katika kielezo kwa makosa humnyima mwanafunzi dola moja ya kulipia masomo.

Sasa tuingie katika kiini cha somo. Maelezo ya fomu hayahusu wakati mmoja. Mapato ni ya miaka miwili iliyopita: fomu ya 2025–26 iliuliza mapato ya mwaka 2023. Akiba ya benki, mali, na hali ya ndoa ni za siku ile ile fomu ilipotiwa sahihi. Kwa hiyo fomu hufanana na picha mbili zilizobandikwa katika ukurasa mmoja, moja ya zamani na moja ya leo. Asiyeelewa jambo hili hatajua lini aseme "nimekosea" na lini aseme "mambo yamebadilika", na hayo ni mashauri mawili tofauti kabisa mbele ya afisa wa chuo.

Kusahihisha ni kuondoa jambo ambalo halikuwa kweli hata siku ile lilipoandikwa. Hapa makosa ni mengi na ya kawaida mno. Mzazi huandika namba yake ya hifadhi ya jamii mahali pa namba ya mtoto. Mshahara wa mwezi huandikwa mahali pa mapato ya mwaka. Jina hukosa herufi moja na kutofautiana na lililo katika kumbukumbu za serikali. Niliwahi kuketi na kijana mmoja ambaye maombi yake yalikwama kwa sababu ya tarehe ya kuzaliwa. Alizaliwa tarehe 5 Machi akaandika 05/03 kama alivyofundishwa shuleni kwao; Wamarekani hutanguliza mwezi, wakamsoma kuwa amezaliwa tarehe 3 Mei. Hakusema uongo hata kidogo, na mtambo nao haukukosea. Walitumia kanuni mbili tofauti za kuandika jambo moja.

Lakini kosa lenye gharama kubwa zaidi ni la kuiandika fedha katika safu isiyo yake. Hebu tuchukue mfano. Wazazi wana akiba ya dola 8,000, nao si katika familia zile ambazo sheria huzisamehe kueleza mali. Akiba ya wazazi huhesabiwa kwanza kwa asilimia 12, nayo ni dola 960. Kiasi hicho hujumlishwa na sehemu ya mapato yao, kisha jumla hiyo hutozwa kwa ngazi zinazoanzia asilimia 22 na kufikia 47. Katika ngazi ya chini, zile 960 huongeza kielezo kwa dola 211 tu. Mwanafunzi akizikosea na kuziandika kuwa akiba yake mwenyewe, mambo hugeuka, kwa kuwa mali ya mwanafunzi hutozwa asilimia 20 moja kwa moja: 8,000 huzaa dola 1,600. Ikiwa kielezo cha kweli kilikuwa 3,000, sasa kitasomeka 4,389. Ruzuku ambayo ingekuwa dola 4,395 itashuka hadi 3,005. Dola 1,390 zimepotea, na hakuna aliyeziiba. Mwalimu wa hisabati anaweza kulifanya jambo hili darasani kwa dakika kumi, nami nadhani wanafunzi watalikumbuka kuliko mifano ya mapipa yanayovuja.

Njia ya kusahihisha si ngumu. Mwombaji huifungua tena fomu aliyokwisha kuipeleka, hurekebisha jibu lililokosewa, kisha hutia sahihi upya. Na ikiwa jibu lilikuwa la mzazi, mzazi naye hana budi kutia sahihi yake. Hesabu hufanywa tena na vyuo vyote vilivyotajwa hupelekewa matokeo mapya. Yapo, hata hivyo, maelezo ambayo mwombaji hawezi kuyagusa: yale ya kodi ya mapato, ambayo siku hizi hutoka moja kwa moja katika idara ya kodi baada ya mwombaji na wazazi kutoa ridhaa. Akiona kasoro huko, au familia ikiwa imerekebisha hesabu zake za kodi baadaye, hapana budi kwenda katika ofisi ya msaada ya chuo na hati mkononi. Asiyetoa ridhaa hapati msaada wa serikali kuu, hata kama hakupata kulipa kodi maisha yake yote.

Isidhaniwe kwamba wanaokosea ni waombaji peke yao. Fomu mpya ya 2024–25 ilifunguliwa mwishoni mwa Desemba 2023, badala ya 1 Oktoba kama ilivyozoeleka. Mara ikagundulika kwamba jedwali la mapato yanayoachiwa familia kwa mahitaji yake halikupandishwa kufuatana na kupanda kwa bei, ingawa sheria iliagiza hivyo. Kwa hiyo familia zilionekana tajiri kuliko zilivyo. Mwezi wa Januari 2024 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitangaza kulirekebisha jedwali, na thamani ya rekebisho hilo ilikuwa dola bilioni 1.8 za msaada. Mwezi wa Machi likatokea kosa jingine katika kuhesabu mali za wanafunzi wanaotegemea wazazi. Na la ajabu ni kwamba kwa miezi ile ya mwanzo wanafunzi wenyewe hawakuwa na njia ya kusahihisha makosa yao, mpaka mlango huo ulipofunguliwa mwezi wa Aprili. Barua za vyuo zilichelewa, na vijana wengi walitakiwa kuchagua chuo kabla ya kujua gharama yake. Naona mtu aliyebuni fomu bila ya kuwa tayari na njia ya kusahihisha ni sawa na fundi aliyejenga nyumba akasahau mlango wa kutokea.

Tuje sasa katika kubadili. Hapa jibu la kwanza lilikuwa kweli, ila hali imegeuka. Kanuni ya jumla ni kwamba picha haichorwi upya. Familia ikitumia akiba yake wiki moja baada ya sahihi, haibadilishi kitu, maana siku ile fedha zilikuwako. Lakini mwanafunzi asiye na mke wala mume akipata mtoto ambaye yeye ndiye anayemlea na kumtunza kwa zaidi ya nusu ya mahitaji yake, anatoka katika kundi la wanaotegemea wazazi, na badiliko hilo lapasa kuandikwa. Ndoa iliyofungwa baada ya sahihi haibadilishwi vivi hivi; chuo ndicho chenye hiari ya kuliangalia jambo hilo.

Je, baba aliyepoteza kazi mwaka huu, na mapato yanayosomwa ni ya miaka miwili iliyopita? Wengi hufungua fomu na kupunguza namba wenyewe. Hilo ni kosa, tena ni hatari, kwa kuwa namba ile ni ya kweli kwa mwaka wake na kuibadilisha ni kuandika uongo. Njia yake ni kuomba uamuzi wa kitaalamu wa afisa wa msaada chuoni. Mwanafunzi hupeleka barua ya kuachishwa kazi, hati za malipo ya hospitali, au ushahidi mwingine, na afisa hulipima shauri lake peke yake, si pamoja na mengine. Chuo hakiruhusiwi kuwa na desturi ya kukataa maombi ya namna hiyo yote kwa jumla. Kwa upande mwingine, uamuzi ukishatolewa haukatiwi rufaa katika Wizara. Ndiyo maana ushahidi hukusanywa kabla, siyo baada.

Kufanya upya maombi hakuhitaji maneno mengi. Msaada wa mwaka mmoja hauendelei wenyewe katika mwaka wa pili. Fomu hujazwa kila mwaka, na sahihi na ridhaa hutolewa kila mwaka. Habari za fedha ni lazima ziwe za wakati wake. Mwanafunzi hana budi pia kuendelea vizuri na masomo, na ruzuku ya Pell haizidi muda wa mihula 12 katika maisha yake. Tarehe nazo zaweza kumpotosha. Kwa fomu ya 2025–26, siku ya mwisho ya serikali kuu ilipangwa kuwa 30 Juni 2026, bali majimbo mengi yana siku zao za mapema zaidi; California kwa kawaida hufunga tarehe 2 Machi.

Wasomaji wa Tanzania wanaijua Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na wa Kenya wanayo yao ya mwaka 1995. Kanuni si zile zile, lakini jina lililoandikwa kwa namna moja katika cheti cha kuzaliwa na kwa namna nyingine katika cheti cha kidato cha nne huleta matata yale yale, na hati ya kiapo haipatikani kwa siku moja.

Zoezi. Akiba ya wazazi ni dola 12,000 nayo imeandikwa katika safu ya mwanafunzi. Kwa kutumia ngazi ya asilimia 22, tafuta kielezo kimeongezeka kwa kiasi gani isivyo haki. Kisha eleza: mwanafunzi aliyetia sahihi tarehe 10 Novemba, na baba yake akauza kiwanja tarehe 2 Desemba, anapaswa kusahihisha, kubadili, au kuacha fomu kama ilivyo? Mwisho, kila mwanafunzi alete vyeti vyake, avilinganishe jina kwa jina na tarehe kwa tarehe, na amwoneshe mwalimu tofauti yoyote atakayoiona.