Helikopta Ikitokea Ziwani, Shusha Droni: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Kyela

Haya yanamhusu kila anayerusha droni kati ya Matema, Itungi na mpaka wa Songwe: wapiga picha za harusi, wapima mashamba ya kokoa, watangaza utalii, na yule kijana aliyeletewa droni na mjomba wake kutoka Dar. Wavuvi nao wasome, yao yako mwishoni.

USIDHARAU udogo wa droni yako. Tarehe 21 Septemba 2017, karibu na Staten Island, New York, droni ya kawaida ya dukani, isiyofika kilo moja na nusu, iligongana na helikopta ya jeshi la Marekani aina ya Black Hawk. Pangaboi liliumia, na kipande cha droni kikakutwa kimenasa kwenye helikopta. Marubani walitua salama. Mwenye droni alikuwa umbali wa kilomita 4 hivi, haioni, na hakujua lolote mpaka wachunguzi walipomtafuta. Na hiyo ni helikopta iliyoundwa kwenda vitani.

USITEGEMEE rubani akukwepe. Masika yakikolea, mito ya Kiwira na Mbaka ikafurika, helikopta inayotafuta watu hushuka chini, hupunguza mwendo, hata husimama hewani. Macho ya waliomo yako majini, yanatafuta kichwa cha mtu au ubavu wa mtumbwi. Injini ikizimika helikopta ikiwa juu na ina mwendo, rubani huacha pangaboi lizungushwe na hewa wakati anashuka, akatua. Akiwa mita 30 amesimama, nafasi hiyo hana. Pangaboi la mkia likikatika, mwili mzima huanza kuzunguka kama pia. Usimwambie mtu kwamba wewe ulikuwa pembeni tu.

SHUSHA droni mara tu usikiapo mngurumo. Usingoje kuiona helikopta. Milima ya Livingstone hurudisha sauti, na pale Matema unaweza kuitazamia kusini kumbe inatokea nyuma ya mlima. Picha ya bibi harusi itapigwa tena.

KAGUA kimo cha kurudi kabla ya kurusha. Hapa ndipo wengi hawajui kifaa walichokishika. Droni nyingi zikipoteza mawasiliano na rimoti hupanda zenyewe hadi kimo kilichowekwa, ndipo zigeuze kurudi nyumbani. Yaani pale unapokosa udhibiti ndipo inapokwenda juu, bila kukuuliza. Tena namba ya kimo unayoisoma kwenye skrini huhesabiwa kutoka uliporushia. Ukirushia mlimani juu ya Matema, ukaipeleka ziwani, skrini ikasema mita 100, juu ya maji droni iko mita 100 pamoja na kimo chote cha mahali uliposimama. Halafu unaapa kwamba hukuvuka kiwango.

USIRUSHE bila kibali. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ndiyo yenye usajili na vibali vya droni, na Wizara ya Ulinzi ina neno lake. Mwenyekiti wa kijiji hana mamlaka hayo, hata kama ni baba yako mdogo. Kwa Kyela lipo na la ziada: Malawi inadai maji yote ya upande huu hadi ufukweni kwa mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1 Julai 1890, Tanzania inasema mpaka uko katikati ya ziwa. Droni yako ikienda mbali kidogo na mwalo, imeingia kwenye shauri la serikali mbili.

USIPIGE picha helikopta ya jeshi iliyotua, hata kama imetua uwanja wa mpira wa shule na watoto wote wameizunguka. Tena usikasirike askari akija mbio: siku hizi helikopta yenyewe huwindwa na vyombo visivyo na mtu. Kwa miaka mingi helikopta ya jeshi la majini ilikuwa mwindaji: inaruka kutoka kwenye manowari, inatafuta nyambizi na boti. Machi 2024, katika Bahari ya Shamu, helikopta ya Wafaransa iliweza kuitungua droni ya Wahouthi wa Yemen kwa bunduki ya rashasha, lakini ilibidi iisogelee. Kisha tarehe 31 Desemba 2024, karibu na rasi ya Tarkhankut huko Crimea, ujasusi wa kijeshi wa Ukraine ulitangaza kwamba boti yake isiyo na mtu, Magura V5, imeangusha helikopta ya Urusi aina ya Mi-8 kwa kombora. Helikopta zilikuwa zikitumwa kuwinda boti hizo.

Helikopta ikiwa chini haina usalama zaidi. Mei 2025 droni ziliupiga uwanja wa ndege na maghala ya mafuta ya Port Sudan. Wazee wa ziwa hili wanalijua jambo hilo kwa sura nyingine: tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza, Gwendolen, iliikuta meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, huko Liuli, imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, nahodha wake hajapata hata habari kwamba vita imeanza. Askari anayelinda helikopta akiona droni, hawezi kuanza kwa kuuliza kama ni ya harusi.

Wavuvi sasa. FUNGENI tanga, lazeni mlingoti, kaeni chini ndani ya mtumbwi helikopta ikisogea. Upepo wake hupindua mtumbwi mwepesi, na turubai au wavu uliolegea ukipeperuka juu unaweza kuliingia pangaboi. USIPUNGE shuka kama huna shida. Utampotezea muda anayezama kwingine.

UKIOKOTA kipande cha droni kwenye wavu au ufukweni, usikifungue. Toa taarifa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) au polisi, taja mahali na saa. Betri ya lithiamu iliyopondeka huweza kuwaka hata baada ya kulowa, kwa hiyo iache juu ya mchanga, mbali na nyavu na petroli. Na usiipeleke kwa fundi simu pale sokoni akuangalizie kama bado inafaa.